Kijitabu cha Misa kwa Kilatini na Kiswahili: Safu ya Kushoto Imetunzwa, ya Kulia Imeachwa

Kijitabu ninachokizungumzia hapa nilikinunua Bagamoyo, katika duka dogo la vifaa vya ibada, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu. Kilikuwa kimewekwa kati ya rozari za plastiki na mishumaa ya ubatizo. Juu ya jalada lake la kijani palikuwa na maneno mawili tu, Ordo Missae, yaani Utaratibu wa Misa, na chini yake, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba ndani mna sehemu za Misa zinazosemwa na kuimbwa na waumini, kwa Kilatini upande wa kushoto na kwa Kiswahili upande wa kulia. Bei ilikuwa shilingi 5,000. Kina kurasa 52, na hakina jina la mchapishaji wala la mfasiri, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka papo hapo. Lakini mtu aliyekaa kwenye kwaya miaka mingi akikutana na kitu cha namna hiyo hutoa fedha kwanza na kufikiri baadaye.

Nimekitumia tangu Kwaresima hadi Pentekoste, kanisani, katika mazoezi ya kwaya na nyumbani, na sasa wenzangu kadhaa wameniuliza kama kinafaa kununuliwa kwa wingi. Naandika tathmini hii kwa ajili yao.

Kuhusu umbo sina mengi. Karatasi ni nyeupe na nzito kiasi, herufi za Kilatini ni kubwa na zinasomeka hata kwenye Misa ya alfajiri wakati taa hazijawashwa zote, na kijitabu chenyewe kinaingia katika mfuko wa shati. Kasoro ni pini mbili zinazokishikilia. Hewa ya bahari kwetu hula chuma cha bei nafuu upesi, na ilipofika Jumapili ya Matawi pini zote zilikuwa zimeota kutu na kuacha doa la kahawia katikati ya Sala ya Bwana. Kingeshonwa kwa uzi, yasingetokea hayo.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni mwongozo wa matamshi. Kilatini cha Kanisa husomwa kwa matamshi yanayokaribiana na ya Kiitaliano, na mwandishi ametambua kwamba Mswahili anazo tayari irabu tano zilizo wazi, a, e, i, o, u, na kwamba sauti ya gn katika neno Agnus haina ugeni wowote kwa mtu aliyezoea kusema nyumba na nyota. Kwa hiyo hakutumia alama za kutisha za wataalamu wa isimu, bali ameandika kwa tahajia yetu: Anyus Dei, in ekshelsis Deo, dona nobis pachem, Rejina cheli. Kwaya yetu ilisoma ukurasa huo mara tatu na ikaweza. Penye taabu ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bila kujiuliza, na kwa bahati maneno kama vobiscum na oremus yanafuata mtindo huohuo. Lakini Dominus na spiritu mkazo wake uko silabi ya kwanza, ndiyo maana sauti ya Mswahili anayesoma kwa mazoea hutoka kama Domínus na spirítu. Kijitabu kimeweka alama ndogo juu ya kila silabi yenye mkazo katika maneno ya namna hiyo, na alama hizo pekee zinastahili nusu ya bei. Jambo moja kimelisahau: konsonanti ya mwisho. Besi wetu wameimba Sanktusi na Dominusi kwa ari kubwa tangu siku ya kwanza, na hakuna mahali popote kijitabu kinapowaonya kwamba irabu hiyo ya mwisho ni zawadi yao wenyewe.

Nota nazo ni nzuri, ingawa ni chache. Nyimbo za Kigregoriani, zile za kale za Kanisa la Roma zinazoimbwa kwa sauti moja, huandikwa kwa nota za mraba juu ya mistari minne, na katika kwaya yetu hakuna hata mmoja anayezisoma, kwa kuwa tumelelewa kwa nota za herufi, d, r, m. Mwandishi amezigeuza sehemu nne za Misa ya Malaika, ile iitwayo Missa de Angelis, pamoja na Pater noster, kuwa nota tunazozijua, na hakuongeza sauti ya pili, ya tatu wala ya nne. Mwalimu wetu wa kwaya alinuna kidogo, maana kwake wimbo wa sauti moja ni wimbo ambao mtunzi aliuacha njiani. Ilichukua majuma mawili mpaka tukazoea kwamba wimbo wa aina hiyo haungoji pigo la ngoma, bali unafuata pumzi ya maneno, na kwamba anayeimba kwa nguvu kuliko jirani yake anauharibu.

Utangulizi, ulio katika kurasa nne za mwanzo, ningeuondoa wote. Unasema kwamba Kilatini ndiyo lugha ya Misa tangu enzi za Mitume, na kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulikipiga marufuku. Kauli zote mbili si sahihi, na si makosa madogo, kwa kuwa mnunuzi atakayeziamini atakitumia kijitabu chenyewe vibaya.

Wakristo wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki, na Kyrie eleison tunayoiimba katikati ya Misa ya Kilatini ni Kigiriki kitupu, kama vile Amina, Aleluya na Hosana zilivyo za Kiebrania. Kilatini kilishika nafasi yake katika sala kuu ya Misa huko Roma kufikia karne ya 4, na kilishika kwa sababu watu wa mji ule walikuwa hawaelewi tena Kigiriki. Maana yake ni kwamba Kilatini chenyewe kiliingia altareni kama lugha ya sokoni na nyumbani, ile ambayo mama alimwimbia mtoto wake. Baadaye watu wakaacha kukisema, Kanisa likabaki nacho, na baada ya Mtaguso wa Trento Misale (kitabu cha sala za Misa) ya Papa Pius V ya mwaka 1570 ikakisambaza katika mpangilio mmoja karibu kila mahali penye kufuata liturujia ya Roma.

Kuhusu Vatikano, hati ya Mtaguso juu ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963 baada ya kupigiwa kura 2,147 za kukubali na 4 za kukataa, na miongoni mwa mababa wa Mtaguso alikuwamo Kardinali wetu Laurean Rugambwa. Kifungu chake cha 36 kinasema matumizi ya Kilatini yadumishwe katika madhehebu ya Kilatini, kisha kinatoa ruhusa ya kuipa lugha ya watu nafasi kubwa zaidi. Kifungu cha 54 kinataka waumini waweze kusema au kuimba pamoja, hata kwa Kilatini, sehemu za Misa zinazowahusu. Na kifungu cha 116 kinaupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza pale hali zinapolingana. Ruhusa ilipotolewa, maaskofu wa nchi nyingi waliipokea kwa mikono miwili, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Misa nzima ilikuwa ikisemwa kwa lugha za watu karibu kila pembe ya dunia. Kilichotokea ni hicho, wala hapakuwa na marufuku.

Mnunuzi anapaswa pia kujua kwamba maneno ya Kilatini yaliyo ndani ya kijitabu hiki ni ya Misale ya Papa Paulo VI, iliyoidhinishwa mwaka 1969, yaani ni Misa hiihii tunayoiadhimisha kila Jumapili kwa Kiswahili. Si Misa ya zamani ya Misale ya mwaka 1962, ambayo Papa Benedikto XVI aliipanulia ruhusa mwaka 2007 na Papa Fransisko akaiwekea masharti makali mwezi Julai 2021. Nimesikia watu wakikishika kijitabu hiki kwa woga, kana kwamba wameshika kitu kilichokatazwa na Baba Mtakatifu, na wengine wakikishika kwa majivuno kwa sababu hiyohiyo. Sentensi mbili katika utangulizi zingewatuliza wote.

Sasa nije kwenye safu ya kulia, ambayo ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Safu ya Kilatini haina kosa hata moja la chapa nililoliona, na nimeikagua neno kwa neno. Safu ya Kiswahili, iliyochapwa kwa herufi ndogo zaidi na kwa wino uliofifia, ina utuurumie badala ya utuhurumie mahali pawili, ina zambi mahali pa dhambi, na mstari mzima wa wimbo wa Utukufu umeruka. Kijitabu kinauzwa Bagamoyo kwa Waswahili, na lugha ambayo mwandishi wake hakuisoma tena kabla ya kuipeleka kwa mchapaji ni Kiswahili.

Lakini makosa ya chapa huweza kurekebishwa kwa kalamu. Kubwa zaidi ni kwamba mfasiri ameona tafsiri tunayoitumia kanisani haitoshi, akaisahihisha mahali kadhaa ili ilingane na Kilatini neno kwa neno. Kabla ya Komunyo sisi husema: Ee Bwana, sistahili uingie kwangu. Kilatini kinasema sub tectum meum, chini ya dari langu, kwa kuwa maneno hayo ni ya yule akida wa Kirumi katika Injili ya Mathayo aliyeona nyumba yake haistahili kumpokea Bwana. Mfasiri wa kijitabu ameandika: sistahili uingie chini ya paa langu. Naelewa alichokitafuta, ila amekosa kusikia alichokuwa nacho mkononi. Neno kwangu, kwa Mswahili, ni nyumba tayari. Mtu akisema karibu kwangu, mgeni haangalii kifua chake, anaangalia mlango. Na wakati huohuo neno hilo ni mimi mwenyewe, nafsi yangu. Waliotutafsiria walipata neno moja linaloibeba nyumba na mtu kwa pamoja, kisha huyu ndugu akalibadilisha kwa mabati.

Mifano iko mingi, na kwa kweli hapa ndipo kijitabu kilipoanza kunifundisha kinyume na kilivyokusudia, kwa sababu kila nilipolinganisha safu mbili nilirudi nikiistaajabia ya kulia. Katika Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, neno gumu la consubstantialem Patri, ambalo lenyewe ni tafsiri ya neno la Kigiriki lililopiganiwa katika Mtaguso wa Nisea mwaka 325, tumelipata kama mwenye umungu mmoja na Baba. Mtoto wa kipaimara analielewa, na mwanateolojia hana la kulipinga. Katika Sala ya Bwana, fiat voluntas tua imekuwa utakalo lifanyike, na sijui lugha nyingine inayoweza kufunga mapenzi ya Mungu katika neno moja fupi kama utakalo. Padre anapotutakia Bwana awe nasi, Kilatini hujibu et cum spiritu tuo, nasi tumeendelea kuitaja roho, tukisema rohoni mwako, wakati Waingereza na Wamarekani waliijibu salamu hiyo bila kuitaja roho kwa zaidi ya miaka 30, mpaka tafsiri yao mpya ilipoanza kutumika Majilio ya mwaka 2011.

Kuna mahali pia ambapo Kilatini kilinifumbua macho, na sitaki kuonekana kama mtu anayekibeza. Utusamehe makosa yetu, tunavyosema, kwa Kilatini ni dimitte nobis debita nostra, na debita ni madeni. Wanaotukosea ni debitores, wadeni wetu. Nina kaka mwenye duka la rejareja karibu na stendi, mwenye daftari la mikopo lililokunjika pembe zote, na nilipomweleza neno hilo alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tanbihi ya mstari mmoja chini ya ukurasa ingemletea kila msomaji jambo hilo bila kuigusa sala anayoijua. Hiyo ndiyo kazi ya kijitabu cha lugha mbili. Kubadilisha maneno ya liturujia si kazi yake, na wala si haki yake: tafsiri za liturujia huandaliwa na Baraza la Maaskofu na kuthibitishwa na Roma, utaratibu ambao Papa Fransisko aliutilia mkazo mwezi Septemba 2017. Muumini anayefuata kijitabu hiki kanisani atajikuta anasema paa wakati benchi zima linasema kwangu.

Nilikipeleka kwa bibi mmoja wa jumuiya yetu, aliyebatizwa utotoni miaka ya 1940 na aliyejifunza nyimbo za Kilatini kwa sikio. Nilipomwamkia na kumwonyesha Tantum ergo, ile ya Baraka ya Sakramenti Kuu, hakukitazama kijitabu. Aliimba beti zote mbili akiwa ameinamia ungo wa mchele, kwa matamshi ambayo mwongozo wetu ungeyakataa na kwa sauti ambayo hakuna mwongozo ungeweza kuifundisha. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapo kwenye veneremur cernui pana maana gani? Tumeimba tangu tukiwa wadogo, na tuliambiwa tuiname tu." Nilimsomea safu ya kulia: tuabudu tumeinama. Alicheka. "Kumbe tulikuwa tunafanya kabla ya kuambiwa." Alinieleza kwamba enzi zao padre alisema Misa kwa Kilatini akiwa ameelekea altare, na wao kwenye mabenchi walisali rozari na kuimba nyimbo za Kiswahili, mahubiri yalikuwa ya Kiswahili na katekisimu ilikuwa ya Kiswahili. Lugha hizo mbili zilikaa ndani ya kanisa moja kila moja na kazi yake, na hakumbuki mtu aliyegombana juu ya jambo hilo.

Jirani yangu, maalim wa madrasa, alikikuta kijitabu barazani akakifungua kwa udadisi. Alipita safu ya kushoto haraka, kisha akasimama kwenye ya kulia, akawa anasoma kwa sauti ya chini: nasadiki, dhambi, malaika, neema, rehema. "Mbona mengi haya ni ya kwetu?" akauliza, nami nikamkumbusha kwamba hata kanisa lenyewe ni neno la Kiarabu, wakati misa, altare na sakramenti zimetoka upande wa kushoto wa kitabu. Juu ya Kilatini alikuwa na maoni ambayo nimeendelea kuyatafakari. Kwao mtoto huhifadhi Kurani kwa Kiarabu kwanza, na maana yake humjia polepole kwa tafsiri na kwa mwalimu, na hakuna anayeona kwamba muda huo wa kutoelewa umepotea. Nilimjibu kwamba kwetu mambo hayafanani, kwa sababu Kilatini hakikuwa lugha ya Yesu wala ya Injili. Ni chombo kilichochaguliwa na kinaweza kuchaguliwa kingine. Alikubali, lakini akauliza kwa nini basi nimetoa fedha zangu.

Swali lake lilipata jibu Jumapili moja ya Pasaka, kanisani misheni, katika jengo lile kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Walikuwapo wageni wa mataifa matatu au manne, wa aina wanaokuja kuona makumbusho, mbuyu wa zamani na mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874. Wakati wa Misa walikuwa wanageuza vichwa kama watu waliopotea kituo cha basi. Kwaya ilipoanza Pater noster kwa nota za kijitabu hiki, walifungua vinywa, na waumini wetu wa umri mkubwa wakafungua vyao, na kwa dakika mbili hakuna aliyekuwa mgeni. Maelekezo makuu ya Misale ya Roma yanasema jambo hilohilo: kwa kuwa watu wa nchi mbalimbali hukutana mara nyingi zaidi siku hizi, inafaa wajue kuimba pamoja kwa Kilatini angalau sehemu kadhaa za Misa, hasa Nasadiki na Sala ya Bwana. Bagamoyo ni mahali pa namna hiyo, na imekuwa hivyo tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika kutoka Zanzibar mwaka 1868. Lakini vijana waliokaa nyuma hawakuimba. Mmoja alikuwa amesimama mikono nyuma, na baada ya Misa aliniambia kwa adabu kwamba alikuwa anangoja ile sala ianze, kumbe ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walioniuliza ni huu. Kwaya inunue nakala kumi au kumi na tano, kwa ajili ya matamshi na nota, na isivuke nyimbo tano zilizomo. Kwa waumini wa kawaida kisigawiwe, mpaka safu ya kulia irudishiwe maneno yaliyoidhinishwa na kusomwa upya na mtu anayekipenda Kiswahili. Inauma kidogo kusema hivyo hapa, kwa sababu mmisionari Charles Sacleux, aliyefanya kazi katika pwani yetu hii mwishoni mwa karne ya 19, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya maneno yetu, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris mwaka 1939. Alikuwa Mfaransa, padre aliyesema Misa kwa Kilatini kila asubuhi, na hakuandika zambi.

Huduma ya dukani, niseme kwa haki, ilikuwa nzuri. Mama muuzaji alinipunguzia shilingi 500 bila kuombwa alipogundua jalada limekunjwa, na niliporudi kulalamika juu ya safu ya Kiswahili alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika makosa niliyomwonyesha katika karatasi, akaahidi kumpelekea aliyemletea mzigo. Nakala yangu, yenye masahihisho ya penseli kuanzia ukurasa wa 9, sasa iko kwa mama mmoja wa sauti ya pili ambaye hajaonyesha dalili ya kuirudisha. Nimeagiza nyingine.